Ngazi ya gari la kambi: namna ya kuichagua, kuifunga na kuitunza

Mtu anapotengeneza gari la kambi, fedha na mawazo yote huenda kwenye hema, friji na matairi. Ngazi hununuliwa siku ya mwisho, ikatupwa nyuma juu ya magodoro. Mnafika Seronera jua linazama, dumu la maji liko juu ya keria, na ngazi imefukiwa chini ya mizigo. Basi mtu anakanyaga tairi, anakanyaga bampa, anajivuta kwa mikono hadi juu. Kuteleza kutoka urefu wa mita 2 na kutua kwenye ardhi iliyokauka kunatosha kuvunja mkono au nyonga, na kutoka katikati ya Serengeti hadi kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji ni saa nyingi za vumbi na makorongo. Ndiyo maana ninaipa ngazi uzito huu wote.

Mwongozo huu unawahusu wanaosafiri na gari lenye keria au hema la juu ya paa, iwe Land Cruiser, Defender au pikapu. Nimeweka pia maneno machache kwa ndugu walioko Marekani na Kanada wanaosafiri na yale magari makubwa yenye vitanda na jiko ndani.

Hatua ya 1: Tafuta kwanza mahali itakapokaa

Usianzie dukani, anzia kwenye gari. Pakia mizigo yote kama siku ya safari, kisha zunguka gari ukijiuliza: ngazi itakaa wapi ili niifikie nikiwa nimesimama chini, bila kuhamisha kitu kingine chochote? Jibu la swali hilo ndilo linalochagua aina ya ngazi, urefu wake na hata madini yake. Ngazi nzuri iliyofungwa katikati ya keria inadai ngazi nyingine ya kuifikia, na kwa uchovu wa safari hakuna atakayehangaika nayo.

Sehemu zinazofaa ni chache. Ya kwanza ni ukingo wa nyuma au wa ubavuni wa keria, ngazi ikiwa imefungwa kwa nje au chini ya fremu, mahali ambapo mkono unafika. Hapo panafaa ngazi iliyonyooka na nyembamba. Ya pili ni ndani ya gari, imelala kando ya droo au nyuma ya kiti cha nyuma, kwa ngazi inayojikunja au inayoingiana hadi kubaki fupi. Ya tatu ni mlango wa nyuma kwa nje, karibu na tairi la akiba.

Mlango wa nyuma unapendwa na wengi, ila una mambo mawili ya kuzingatia. Gari linapokwenda kwenye barabara ya vumbi, upepo hujizungusha nyuma yake na kuvuta vumbi lote kwenye mlango huo. Ngazi ya kuingiana ikikaa hapo bila mfuko itajaa mchanga kwenye maungio yake ndani ya siku moja. Pia bawaba za mlango tayari zinabeba tairi, na tairi la Land Cruiser lenye rimu ya chuma lina zaidi ya kilo 30. Uzito mwingine juu ya hapo, ukitikiswa siku nzima, unalegeza bawaba na kupasua bati.

Chini ya gari usifikirie kabisa. Huko kuna mawe, tope na joto la bomba la moshi.

Hatua ya 2: Pima gari lako mwenyewe

Chukua futi kamba na upime kutoka ardhini hadi ukingo wa keria, gari likiwa na matairi utakayosafiri nayo. Usitegemee kipimo cha gari la jirani linalofanana na lako. Springi zilizonyanyuliwa na matairi makubwa hubadilisha urefu kwa sentimita nyingi.

Ngazi ya kuegemeza husimama vizuri kwa mwinuko wa nyuzi 75 hivi. Kanuni inayotumika duniani kote ni moja kwa nne: kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi ukae mita 1 kutoka kwenye kitu inachoegemea. Keria yako ikiwa mita 2.2 kutoka chini, mguu ukae sentimita 55 hivi kutoka ubavuni mwa gari, na ngazi yenyewe itumie kama mita 2.3 kufika ukingoni.

Hapo amua unataka kufanya nini huko juu. Kama utasimama kwenye ngazi tu na kufungua mizigo, ngazi ya mita 2.6 inatosha watu wengi, kwa sababu hutakiwi kupanda hadi kidato cha mwisho. Acha vidato vitatu vya juu viwe vya kushika. Kama utahama kutoka kwenye ngazi na kukanyaga keria, ngazi lazima ipite ukingo kwa sentimita 90 hivi ili uwe na cha kushika wakati wa kuhama na wakati wa kurudi. Hiyo ni ngazi ya mita 3.2. Kurudi ndiko kubaya zaidi: unashuka kinyumenyume, mguu unatafuta kidato usichokiona.

Ngazi ya hema la paa ina kazi ya ziada. Kwenye mahema yanayofunguka kwa kukunjuka, nusu ya sakafu huning'inia nje ya gari, na ngazi ndiyo nguzo yake. Ikiwa fupi, sakafu inainamia nje na bawaba ya katikati inabeba uzito isiotengenezewa. Ikiwa ndefu mno, sakafu inanyanyuliwa na mnalala mkibingirikia upande mmoja. Ngazi nyingi zinazouzwa pamoja na mahema zina mita 2 na kidogo, na gari lililonyanyuliwa mara nyingi linahitaji kipande cha kuongezea. Kinunue mapema kutoka kwa muuza hema. Usikubali kuweka ngazi juu ya matofali au dumu.

Hatua ya 3: Chagua aina

Kwa keria ya kawaida na gari lisilo na nafasi, mimi ningechukua ngazi ya alumini ya kuingiana, ile ambayo vipande vyake huzama kimoja ndani ya kingine. Ya mita 2.6 ina uzito wa kama kilo 8 na ikifungwa inabaki na urefu wa sentimita 75 hivi. Ya mita 3.2 hukaribia kilo 10. Inakaa nyuma ya kiti bila matata. Udhaifu wake ni vumbi. Kila kidato kina vizuio viwili vya ndani vinavyokifunga, kushoto na kulia, na punje za mchanga zikiingia humo kidato kinaweza kubaki nusu, kizuio kimoja kimefunga na kingine hakijafunga. Anayesafiri barabara za changarawe wiki nzima anapaswa kukubali kwamba ngazi hii inahitaji kufutwa kila jioni.

Jambo jingine: kwa viwango vya Ulaya, EN 131, tangu 2018 ngazi ya kuegemeza yenye mita 3 au zaidi inapaswa kuwa na kitako kipana, kwa kawaida fito ya kukingama miguuni. Fito hiyo ni usalama mkubwa, lakini inaongeza upana. Ipime kabla hujaamua kwamba ngazi itapita kati ya droo na ubavu wa gari.

Ngazi iliyonyooka ya alumini, ya kipande kimoja, ndiyo imara kuliko zote na ndiyo rahisi kukagua, kwa kuwa hakuna kilichojificha ndani yake. Ukiwa na keria ndefu na pa kuifunga ubavuni, ichukue hiyo na usijute. Ngazi ya kujikunja inayosimama yenyewe kwa miguu minne inafaa kambini pasipo na kitu cha kuegemea, kwa mfano unapofunga turubai kwenye miti, lakini ni nzito na pana. Kwenye gari dogo itakusumbua.

Faibaglasi haipitishi umeme, na fundi wa umeme ana haki ya kuitaka. Kwa safari ina uzito mkubwa mno, na jua likiipiga miaka kadhaa uso wake unachakaa na kutoa nyuzi zinazochoma mikono.

Ipo pia ngazi ya kudumu inayochomelewa na mafundi wetu. Mafundi wa Gerezani Dar es Salaam, wa magereji ya Arusha na wa Kamukunji Nairobi wanaimudu kazi hii, na kwa magari ya watalii yanayopanda na kushuka kila siku ndiyo njia bora. Ukimpa fundi kazi hiyo, msimamie katika mambo matatu. Ifungwe kwenye bodi na keria, isitegemee mlango peke yake. Kila bolti ipite kwenye bati ikiwa na kipande cha chuma kipana kwa ndani, maana bati tupu litararuka. Na vidato visiwe bomba la mviringo lililo laini. Bomba lenye umande ni hatari, kwa hiyo aweke chuma bapa chenye meno au bati la matundu. Kisha apige rangi ya kuzuia kutu hadi kwenye viungo vya weldi, siyo sehemu zinazoonekana tu.

Hatua ya 4: Jumlisha uzito, halafu soma kibandiko

Uzito wa kuangalia siyo wa mwili wako peke yake. Mtu wa kilo 85 akishuka na dumu la lita 20 lililojaa amevuka kilo 105, kabla hujahesabu buti na koti. Mtungi wa gesi wa kilo 6 uliojaa una uzito wa karibu mara mbili ya hizo 6, kwa sababu ya chuma chake. Ngazi zilizotengenezwa kwa EN 131 zimepangwa kubeba hadi kilo 150. Za Marekani zina madaraja: aina ya III ni pauni 200, yaani kilo 91, II ni pauni 225, kilo 102, I ni pauni 250, kilo 113, IA ni pauni 300, kilo 136, na IAA ni pauni 375, kilo 170. Kwa gari la kambi sishauri chini ya IA.

Kibandiko peke yake si ushahidi, maana kuchapisha kibandiko ni rahisi. Ngazi ya kweli ina jina la mtengenezaji, uzito wa mwisho, mwezi au mwaka wa kutengenezwa, na maelekezo yenye picha. Isiyo na hata kimoja iache, hata kama muuzaji anapunguza bei kila ukipiga hatua kuelekea mlangoni.

Hatua ya 5: Ijaribu palepale dukani

Kariakoo utaharakishwa, usiharakishwe. Ngazi ya kuingiana ifungue yote, kidato kwa kidato, ukisikiliza mlio wa kufunga pande zote mbili. Ilaze chini uitazame kwa urefu wake, nguzo zote mbili zinyooke. Sukuma nguzo moja mbele na nyingine nyuma: mchezo kidogo ni kawaida, kujisokota si kawaida. Panda kidato cha pili, simama, hamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Angalia soli za mpira kama zimefungwa kwa riveti au zimechomekwa tu, kwa sababu zilizochomekwa hubaki topeni siku ya kwanza. Uliza kama soli za akiba zinapatikana.

Mwisho ifunge. Zipo zinazoshuka taratibu kwa hewa na zipo zinazoshuka kwa kishindo. Chukua ya taratibu kama kuna watoto safarini. Kwa vyovyote shika nguzo kwa nje, vidole visiwe kati ya vidato.

Hatua ya 6: Kuifunga kwa ajili ya barabara

Barabara ya kutoka Naabi Hill kwenda Seronera ina matuta madogo madogo yanayotikisa gari bila kukoma, na kila kilichofungwa hovyo hufunguka. Mipira ya tyubu, ile inayofungia mizigo kwenye bodaboda, ni msaada mzuri wa kuzuia kelele, lakini isiwe kamba yako kuu: inavutika, na jua linaipasua. Tumia mikanda miwili yenye kikazio, mmoja kila upande, na ncha zilizobaki uzifunge fundo zisipigepige. Palipo na chuma kinachogusana na alumini weka kipande cha mpira wa bomba la maji. Bila hivyo msuguano utakula ngazi taratibu, ukifungua utakuta mfereji kwenye nguzo.

Baada ya kilomita 10 au 20 za kwanza za barabara mbaya, mahali panaporuhusiwa kushuka, simama ukaze tena. Mikanda yote hulegea mizigo inapojipanga.

Ngazi inayokaa ndani ifungwe kwenye pete za sakafuni, hata kama safari ni fupi. Kilo 10 za alumini zilizo huru nyuma ya vichwa vya abiria, breki ikipigwa ghafla kwa sababu ya pundamilia, zitaruka mbele na hakuna wa kuzizuia. Hili mimi nalisisitiza kuliko yote mengine katika mwongozo huu, hasa kwa gari lenye watoto.

Mfuko mshonee kwa fundi cherehani kwa turubai nene la pamba, wenye matundu madogo chini ya kutokea maji. Mfuko wa nailoni usiopumua hufunga unyevu ndani. Mijini ongeza mnyororo na kufuli kwa ngazi ya nje.

Hatua ya 7: Kuisimamisha kambini

Egesha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, na mwambie kila mmoja kwamba gari halisogezwi ngazi ikiwa imesimama. Kisha tazama juu. Ndani ya hifadhi mara nyingi ni matawi tu, lakini kwenye kambi za mijini na pembezoni mwa vijiji, kuanzia Arusha hadi Mto wa Mbu, kuna nyaya za umeme. Alumini inapitisha umeme, kwa hiyo ngazi na wewe mkae angalau mita 3 kutoka kwenye waya wowote.

Ardhi ndiyo inayobadilika zaidi. Udongo mweusi wa Mkata kule Mikumi, au wa Katavi, ukikauka ni mgumu na una nyufa za kumeza mguu wa ngazi; ukinyeshewa masika unakuwa ute. Nyanda za kusini mwa Serengeti kuelekea Ndutu zina udongo wa majivu ya volkano, laini na wa kuteleza juu ya tabaka gumu. Beba kipande cha ubao kipana, kile kile unachoweka chini ya jeki, na uweke miguu yote miwili juu yake. Upande mmoja ukiwa chini kuliko mwingine, chimba ule wa juu kwa koleo. Usijaze jiwe chini ya mguu mmoja.

Kwenye ukingo wa Ngorongoro, katika kambi ya Simba iliyo juu ya mita 2,200, usiku ni wa baridi na alfajiri vidato vimelowa umande. Futa kwa kitambaa kabla ya mtu wa kwanza kushuka. Vaa viatu vyenye soli, soksi zinateleza. Panda na shuka ukiitazama ngazi, na wakati wote viungo vitatu viwe vimeshika: mikono miwili na mguu, au miguu miwili na mkono. Kwa hiyo dumu halishuki mkononi. Lifunge kamba, mmoja alishushe na mwenzake alipokee. Tairi la akiba ni kazi ya watu wawili bila mjadala.

Kambi nyingi za hifadhi za Tanzania hazina uzio. Usiku, kabla hujaweka mguu kwenye kidato cha kwanza, mulika tochi pande zote na chini ya gari, ngoja kidogo, mulika tena. Viatu vilale ndani au kwenye mfuko wa hema, kwa maana fisi huvichukua. Mchana, ukiondoka, ngazi iondolewe na hema lifungwe, maana nyani na tumbili wanaitumia ngazi vizuri tu. Na kwenye mizunguko ya kuangalia wanyama ngazi haina kazi: kushuka kwenye gari nje ya maeneo yaliyoruhusiwa ni kosa, na ni hatari.

Kwa walioko Marekani na Kanada

Magari yenu ni marefu, paa likiwa mita 3 hadi karibu 4. Ukipiga hesabu ya nyuzi 75 na zile sentimita 90 za juu, paa la mita 3.5 linahitaji ngazi ya mita 4.5, na hiyo haiingii kwenye kabati la pembeni isipokuwa ya kuingiana. Mengi yana ngazi ya kudumu nyuma; tafuta kibandiko cha uzito wake kabla ya kupanda, na ukague bolti zake kila msimu. Mapaa mengi yamefunikwa kwa utando wa mpira unaochanika, basi ncha za ngazi zivalishwe sponji. Kama gari ni la kukodi, soma mkataba kwanza. Mikataba mingi inakataza kabisa kupanda paani.

Hatua ya 8: Kuisafisha na kuistaafisha

Kila jioni ya safari ya vumbi futa vidato kwa kitambaa kikavu kabla ya kuvikunja, kwa sababu ukikunja kwanza unausukuma mchanga ndani. Ukirudi nyumbani osha kwa maji safi na sabuni laini, iache wazi kivulini hadi ikauke, kisha pulizia silikoni kavu kidogo kwenye maungio. Oili ya injini na grisi usiziguse. Zinakamata vumbi na kutengeneza tope la kusaga. Ukitoka Saadani, Bagamoyo au Diani, suuza siku hiyohiyo. Chumvi ya bahari inapokutana na riveti za chuma ndani ya alumini, ulaji huanzia mahali usipopaona.

Ihifadhi mahali pakavu, nje ya jua. Ya kunyooka ining'inizwe kwa kulala kwenye kulabu mbili au tatu isijipinde, ya kuingiana isimame ikiwa imefungwa. Mbali na betri za gari na magunia ya mkaa.

Kabla ya kila safari angalia nyufa kwenye viungo, kidato kilichopinda, riveti inayozunguka, soli iliyochakaa. Soli zibadilishe. Kidato kilichopinda usikinyooshe kwa nyundo, na alumini iliyopasuka usimpelekee fundi wa kuchomelea, hata kama ni hodari, kwa sababu joto la weldi linaipunguzia alumini ya ngazi nguvu yake kuzunguka kiungo, na doa hilo halionekani kwa macho. Ngazi ya namna hiyo ikate vipande viwili kwa msumeno kabla ya kuuza chuma chakavu. Ukiitupa nzima, kesho yake kuna kijana atapanda nayo kupaka rangi ukuta wa mtu.